Kikombe cha Magharibi cha Bi Muhiba

Jirani zangu, Ramadhani ile ya mwaka 1979 hakuna nyumba Kaloleni iliyonukia futari kama ya Bi Muhiba. Jioni alikaa mlangoni akitania wapita njia, huku bintiye Lela akikuna nazi ndani. Moyo ulikuwa umemsumbua, ila vidonge vya hospitali vilimtuliza. Daktari alimruhusu afunge, mradi kidonge akimeze jioni.

Kisha akafunga choo. Shoga yake akamletea isabgol, yale maganda ya mbegu ya duka la Mhindi yanayofura kama uji ukiyatia maji. Adhana ya magharibi ilipolia, Lela aliyakoroga, akatumbukiza na kidonge humo humo, mama anywe mara moja awahi sala. Akajiona hodari, maskini, maana alimpenda mamake kupita kiasi.

Siku hazikwenda mbali, miguu ya mama ikavimba. Kuvuka chumba tu, anahema. Wakarudi hospitali.

"Kuna dawa nyingine anayotumia?" daktari aliuliza.

Lela akafungua kinywa. Mama akamfinya paja, kwani daktari mwenyewe alikuwa kijana wa kumzaa.

"Hakuna," Lela akasema.

Walipotoka, mama alifoka, "Mambo ya choo hayasemwi mbele ya wanaume! Wataka kunivua nguo?"

Haya ya mwanamke ni pambo, jirani zangu, lakini hapo ilipita mpaka. Kikombe kikaendelea vile vile kila magharibi.

Siku moja kabla ya Idi, Bi Muhiba alilazwa, pumzi zikimkatika. Ndipo Lela aliposema yote, akilia. Daktari akaweka kalamu chini.

"Maganda yale yakimezwa pamoja na kidonge, huweza kukizuia kisiingie mwilini sawasawa. Vilitakiwa vipishane kwa saa kadhaa, na maji ya kutosha. Mbona hukuniambia, dada? Nilikuuliza."

Lela akakimbilia kitandani kwa mama.

Bi Muhiba alizikwa siku ya Idi. Leso mpya aliyonunuliwa na bintiye ilikuwa bado imefungwa kwenye gazeti.

MAFUNZO

Mficha ugonjwa kifo humuumbua. Daktari akikuuliza unatumia nini, mtajie hata kile cha dukani, hata cha choo. Msichanganye dawa kikombe kimoja kabla ya kuuliza. Aibu ya kusema ingeisha pale pale mlangoni mwa hospitali. Lela hadi leo, adhana ya magharibi ikilia, hulia.