Nyimbo Saba za Flashi

Flashi ya dereva wa lori iliharibika dukani kwa shangazi, na aliyeiharibu alikuwa Kidole.

Jina hilo la utani alipewa na baba yake, kwa sababu hakuna swichi aliyoiona asiiguse. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili. Kila akitoka shule alipitia duka la shangazi yake la kuchapa picha na kutoa kopi. Alifagia, akajaza karatasi kwenye printa, kisha akaruhusiwa kukaa kwenye kompyuta. Sharti la shangazi lilikuwa moja tu: flashi haichomolewi mpaka kompyuta itoe ruhusa. Kidole aliona hizo ni mbwembwe za watu wazima.

Siku hiyo dereva aliweka flashi yake mezani taratibu, kama mtu anayeweka yai.

"Dada, niwekee humu zile picha za binti yangu mlizonichapia, nisafiri nazo. Lakini angalieni sana. Humu mna sauti ya marehemu mke wangu. Nyimbo saba alizomwimbia mtoto. Sina nakala kwingine."

"Ondoa wasiwasi, kaka," shangazi alisema.

Dereva akaenda kujaza upepo magurudumu. Shangazi akamwachia Kidole kazi, akatoka kufuata wino wa printa.

Picha zilikuwa nyingi. Mstari wa kijani unaoonyesha kazi ilipofikia ulikuwa unatambaa kwenye kioo cha kompyuta pale binamu yake, aliyeitwa Redio kwa kutofunga mdomo, alipochungulia mlangoni.

"We Kidole! Wenzako wanagawana timu. Ukichelewa unawekwa golini!"

Mstari ukafika mwisho. Taa ndogo ya flashi ilikuwa bado inakonyeza, lakini Kidole hakuitazama. Akaichomoa. Kisha, kwa kutaka kuhakikisha, akairudisha.

Kompyuta ikaandika kwamba haiwezi kuisoma flashi hii. Je, ifomatiwe, yaani isafishwe ianze upya? Ndiyo au hapana?

Akaichomoa tena, akaipuliza, akaifuta kwa sketi, akairudisha. Swali lilikuwa lile lile. Kidole kikaenda chenyewe, kikabonyeza "ndiyo".

Flashi ikafunguka. Ilikuwa tupu. Hakuna picha, hakuna wimbo hata mmoja.

"Redio," alisema, "nimemfuta mama wa mtu."

Redio alitazama kioo, akatazama mlango. "Mimi sijaona kitu. Ila ningekuwa wewe ningezijaza picha upya. Akifungua akute imejaa. Nyimbo atajua zilipotea njiani, malori si yanatikisika?" Akatimua mbio.

Kidole akaanza kuzimimina picha upya. Kila mtu aliyepita nje alimwona kuwa ni dereva. Kila pikipiki iliyopiga honi ilimrusha kwenye kiti.

Kweli, dereva akaja, tena mapema. Alikuwa amemshika mkono binti yake, mtoto ambaye kichwa chake hakikufika mezani.

"Shangazi yako yuko wapi?"

"A-amefuata wino."

Mtoto alisimama kwa ncha za vidole, akainyooshea kidole ile taa iliyokuwa ikikonyeza. "Dada, mama yumo humo? Anaimba saa hizi?"

Kidole alitaka kusema ndiyo. Lakini aliutazama uso wa mtoto, akashindwa kumdanganya. Wakati huo huo shangazi akaingia na boksi la wino.

"Shangazi, nimeiharibu!" Kidole alilia. "Niliichomoa kabla ya ruhusa, nikaifomati, na sasa nazijaza picha ili msijue!"

Dereva alikaa kwenye benchi kama gunia lililoshushwa. Hilo lilimtisha Kidole kuliko kofi.

"Usiguse kitu," shangazi alisema. Akasimamisha kazi ile, akasubiri taa itulie, akaomba ruhusa kwa kompyuta, ndipo akaitoa flashi. Akaichomeka kwenye kompyuta ya ndani, iliyokuwa na programu ya kutafuta vilivyofutwa. Wakangoja. Feni ya dukani ilizunguka, na hakuna aliyemtazama mwenzake.

Ndipo sauti ya mwanamke ikatoka kwenye spika, ikiimba polepole. Mtoto akapiga makofi. Dereva akageuka ukutani.

"Sikiliza, Kidole," shangazi alisema. "Kompyuta ina kasi, flashi ni goigoi. Kompyuta haitaki kumsubiri goigoi, kwa hiyo inaweka mizigo pembeni, kwenye kumbukumbu yake, halafu inampa kidogo kidogo. Mstari ukijaa, mizigo imepokelewa tu, haijapangwa yote. Ndiyo maana tunaomba ruhusa. Ukichomoa mapema unampokonya karani daftari katikati ya neno."

"Basi nyimbo zilifutika pale?"

"Hapana. Ulivuruga orodha tu, nyimbo zote zilikuwa bado zimo. Ulipofomati, orodha ikafutwa, lakini nyimbo bado zilikuwemo. Zile picha ulizomimina kuficha kosa ndizo zilizokaa juu ya baadhi ya nyimbo, zikazifuta. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na mimi nina kosa langu: nilipaswa kuzitolea nakala kwanza kabla ya kukuachia."

Akamgeukia dereva. "Kaka, tusamehe. Leo nazitolea nakala hapa na kwenye simu yako."

Dereva alifuta uso kwa kiganja. "Huyu angenyamaza, ningeondoka na flashi yenye picha peke yake," alisema. "Nipeni zilizobaki."

Ziliingia nyimbo saba. Zilitoka tano. Katika mbili zilizopotea, mmoja ulikuwa ule ambao mtoto alizoea kuusikiliza mpaka apitiwe na usingizi.