Shuka Lenye Uzi Mwekundu

"Hili shuka limetoka hotelini!"

Mume wa Mama Pasi alilitupa juu ya meza ya kupigia pasi, akasimama mikono kiunoni. Wateja wawili waliokuwa mlangoni wakajifanya wanaangalia barabarani.

"Nimelikuta mwenyewe kwenye mfuko wa mashuka machafu ya hoteli. Niambie lilifikaje huko."

Mama Pasi hakuwa na haja ya kuligeuza. Kwenye pembe kulikuwa na uzi mwekundu alioutia kwa mkono wake wiki ya harusi yao, miaka ishirini na saba nyuma. Katika duka lao la udobi kila mteja ana rangi yake: hoteli bluu, kliniki kijani. Nyekundu ni ya nyumbani kwao tu.

"Labda lilichanganyika," alisema.

"Lichanganyike mkononi mwako wewe?"

Mtaa mzima ulijua kwamba Mama Pasi hachanganyi nguo. Yeye mwenyewe ndiye aliyejigamba hivyo kwa kila mteja, mchana kweupe, kifua mbele. Sasa sifa zake zikamponza.

"Umehama chumba," mumewe aliendelea, sauti ikianza kukatika. "Ukaniambia nakoroma. Nikikuuliza neno, unanifokea. Kila Alhamisi unapotea, ukirudi unanukia mafuta ya mnanaa. Na sasa shuka la harusi yetu linatoka kitandani kwa watu!"

Simu iliyokuwa kando ya pasi ikalia mlio wa ujumbe. Mumewe akaiwahi. Mtaani walimwita Bwana Kamba, kwa sababu kazi yake ilikuwa kufua na kuanika, na kwa sababu alikuwa mrefu na mwembamba kama kamba zenyewe. Mkono wake ulikuwa mrefu vilevile. Akasoma kwa sauti:

"Kesho saa tisa, chumba kilekile cha juu. Vaa nguo zinazolegea, na usisahau taulo."

Mteja mmoja akakohoa. Wote wawili wakakumbuka kwamba wana shughuli kwingine.

"Taulo!" alisema Bwana Kamba.

"Nipe simu yangu."

"Ni nani huyu?"

Kweli ilikuwa nyepesi, lakini Mama Pasi aliona haya kuitamka. Hedhi yake ilikuwa imekoma. Kwa miezi kadhaa alikuwa akiamka amelowa jasho kama mtu aliyenyeshewa, moyo unamwenda mbio bila sababu. Ndiyo maana alihamia chumba cha binti yao aliyeolewa. Kila alfajiri alilichomeka shuka lake bichi katikati ya mashuka ya hoteli, likafuliwa humo bila mtu kujua. Siku moja, kichwa kizito kwa kukosa usingizi, akalikunja pamoja na ya hoteli, likaenda zake. Mgeni wa watu akalilalia usiku mzima.

Mtu mwingine angecheka, yakaisha. Lakini Mama Pasi alikuwa amewahi kumsikia wifi yake, dada mkubwa wa mumewe, akimsema jirani mmoja mbele ya watu: "Yule? Jiko lililozimika lile. Mumewe anapoteza muda." Watu walicheka sana siku ile. Tangu hapo Mama Pasi aliapa kwamba neno hilo halitamgusa yeye.

"Sina la kusema," alijibu.

Macho ya Bwana Kamba yalikuwa mekundu.

"Basi Jumamosi utasema mbele ya dada yangu na kaka yako. Ukinyamaza na hapo, kila mtu ashike njia yake."

Akatoka. Shuka likabaki mezani.

Jioni Mama Pasi alimpigia nesi mstaafu, yule aliyemwandikia ujumbe. Ndiye aliyempima presha siku ya kwanza, akamsukuma kwa daktari, kisha akamkaribisha Alhamisi kwenye chumba cha juu cha kliniki. Huko wanawake rika lake hufundishwa kuvuta pumzi taratibu, kunyoosha viungo na kukandana mabega, na huambiana ukweli kuhusu usingizi, hasira na chai ya rangi wanayoinywa kupita kiasi.

"Nije nimweleze?" nesi aliuliza.

"Usije. Jambo ni langu."

"Utasema?"

"Sijui. Bora nionekane mwizi wa mapenzi kuliko kuonekana nimekwisha."

"Umekwisha nini, mama? Alhamisi iliyopita umenikanda bega mpaka nikapiga kelele."

Mama Pasi alicheka bila kupenda. Halafu akalia kidogo, dirisha likiwa wazi.

Jumamosi mchana walikutana sebuleni. Wifi alikaa kiti cha katikati, mkoba mapajani. Kaka yake Mama Pasi alikaa karibu na mlango, anatazama viatu vyake. Bwana Kamba aliliweka shuka juu ya meza, limekunjwa vizuri. Hata kwa hasira hakuweza kukunja nguo ovyo.

"Wifi," alianza yule dada mkubwa, "sisi hatukuja kugombana. Taja jina la mtu huyo, tujue moja."

"Hakuna mtu."

"Na shuka lilikwenda kutembea lenyewe? Mwanamke wa umri wako, badala ya kutulia..."

"Umri wangu umefanya nini, wifi?"

"Nasema tu. Jiko likishazimika, mtu hutafuta kuni kwa jirani."

Lilipotamkwa lile neno, joto likaja. Lilianzia kifuani, likapanda shingoni, likamshika masikio. Siku nyingine angekimbilia jikoni na kisingizio cha sufuria. Leo alibaki pale pale. Alifungua kifungo cha juu cha blauzi, akaketi wima, akavuta pumzi kwa pua, akaiachia polepole kwa mdomo. Akarudia. Jasho lilimtiririka usoni mbele ya wote, na hakulifuta.

"Mama watoto, una nini?" Bwana Kamba alisimama.

"Kaa chini. Ngoja nimalize."

Wakangoja. Kaka yake hata aliacha kutazama viatu. Alipomaliza, Mama Pasi aliinuka, akamwendea wifi yake, akamshika mkono na kuuweka shingoni mwake.

"Gusa. Limezimika hilo?"

Wifi aliduwaa. Mkono ulilowa.

"Hedhi yangu imekoma," alisema Mama Pasi. "Hili joto linanijia mchana na usiku. Nalilowesha shuka, nalificha kwenye mzigo wa hoteli lifuliwe humo. Nikasinzia kazini, nikalipeleka na mzigo. Ndiyo, Mama Pasi amechanganya nguo! Alhamisi nakwenda kliniki, chumba cha juu, tuko wanawake tisa na nesi mstaafu. Taulo ni ya kulalia chini. Mnanaa ni mafuta ya kukandia. Joto bado linakuja, lakini silikimbii tena. Na usingizi umeanza kurudi."

Wifi aliurudisha mkono wake mapajani.

"Piga hotelini," alimgeukia mumewe. "Weka sauti juu."

Bwana Kamba alipiga. Sauti ya meneja ikajaa sebuleni:

"Lile la uzi mwekundu? Lilikuja na mzigo wenu wa Jumatatu, bwana. Mgeni wa chumba cha tatu ameuliza tunanunua wapi mashuka laini namna ile. Mnayo mengine?"

Kaka mtu akaziba mdomo, mabega yanamcheza. Bwana Kamba hakucheka. Aliweka simu chini, akalishika shuka kwa mikono miwili.

"Mimi nilidhani umenichoka."

"Na mimi niliogopa utanichoka."

"Mke wangu, mimi ni dobi! Nimefua jasho la mtaa huu tangu ujana wangu. Lako ndilo lingenishinda?"

Hapo ndipo Mama Pasi alipolia, tena kwa sauti, bila kuona haya. Mumewe akamfuta uso kwa pembe ya lile shuka.

"Nisamehe," alisema. "Nimekuaibisha mbele ya wateja, nikakuitia watu."

"Utanisamehe na mimi. Wewe hata hukoromi."

Wifi alikuwa bado ameushika mkono wake uliolowa, anautazama. Alipozungumza, sauti ilikuwa ndogo.

"Neno la jiko sikulitunga mimi. Niliambiwa na mume wangu, siku aliyobeba nguo zake akaondoka. Nililowa hivihivi, wifi, peke yangu, nikidhani nimelogwa." Akaufuta mkono kwenye gauni. "Nikawa nawasema wenzangu kabla hawajanisema. Hiyo Alhamisi, na mimi wananipokea?"

Mama Pasi angeweza kumjibu jeuri. Alikuwa na haki nayo, na jibu lilikuwa tayari mdomoni. Akalimeza.

"Njoo na taulo," alisema.

Jumatatu asubuhi Bwana Kamba alibeba karai lenye shuka lililofuliwa, akaelekea uani. Sasa walikuwa wamerudi chumba kimoja, dirisha wazi, na shuka la akiba limewekwa kitini.

"Unakwenda wapi?" mkewe aliuliza.

"Nyuma. Si hutaki lionekane?"

"Lianike mbele."

Akalianika kwenye kamba ndefu inayotazama barabara, akalinyoosha vizuri, uzi mwekundu kwa nje. Jirani wa duka la viatu akasimama kulistaajabia.

"Mama Pasi, la mteja gani hilo? Linang'aa!"

"Langu," alijibu, pasi mkononi. "Nimelilowesha kwa jasho jana. Mambo ya umri. Mume wangu amelifua."

Jirani hakujua aangalie wapi. Bwana Kamba akabana kibanio cha mwisho, akajivuta mpaka urefu wake wote ukaonekana.

"Na uwaambie wengine," alisema kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya barabara, "Alhamisi duka linafungwa saa nane. Namsindikiza mke wangu."