Boga Lililokwama Mtutuni

Kila alasiri, Maribeth Tull akishuka basi la shule, alipita kwanza kwenye mabanda ya kuku kumsaidia baba yake kuokota vibudu, yaani kuku waliojifia, kisha akakimbilia kwa babu yake, Orville. Nyuma ya nyumba ya babu, juu ya tela kuukuu, ulilala mzinga wa hewa. Lilikuwa bomba refu la chuma ambalo babu na rafiki zake walilichomelea wenyewe zamani. Mwezi wa kumi ulipoingia na soya kuvunwa, watu wa upande ule wa jimbo la Delaware, Marekani, walivuta mizinga yao hadi mashambani, wakashindana nani atarusha boga mbali zaidi.

Mwaka huo babu alimpa Maribeth kazi ya kuchagua maboga.

"Mzinga hauna akili, mjukuu wangu," alimwambia. "Utakachoulisha ndicho utakachotapika."

Akamfundisha kuligonga boga kwa kifundo cha kidole na kusikiliza sauti yake, kulibonyeza kitakoni kwa dole gumba, na kulikataa lolote lenye ufa au kovu. Jeupe, dogo na lenye ganda nene ndilo lililofaa. Sheria ilikuwa moja, nayo haikujadiliwa: boga bichi, basi. Si jiwe, si chuma, si kitu kilichogandishwa.

Jumamosi ya kwanza ya mazoezi ilimwendea vibaya. Boga alilochagua lilipotoka tu mtutuni lilipasuka hewani, likawanyeshea watu mbegu na uji wa rangi ya chungwa.

"Pai ya boga hiyo!" jirani yao, Bwana Pusey, alipiga kelele. "Leteni sahani!"

La pili nalo likapasuka. Watu wakacheka hadi wakajishika mbavu. Maribeth alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Wewe endelea kuokota vibudu," binamu yake Wade alimtania walipokuwa wakirudi nyumbani. Kisha akashusha sauti. "Unajua boga lisilopasuka ni lipi? Lililolala kwenye friza."

"Babu amekataza."

"Babu anakataza mengi. Nani atajua?"

Maribeth aliongeza mwendo. Lakini usiku wa kuamkia Jumamosi iliyofuata, boga moja jeupe lilikuwa limelala ndani ya friza ya garaji, chini ya vifurushi vya nyama ya kulungu.

Asubuhi alilifunga kwa taulo, akalipeleka shambani ndani ya kikapu. Babu alikuwa amevaa glavu nene za ngozi, hivyo hakuuhisi ubaridi.

"Zito hili," alisema, akilipima mkononi.

"Ni... ni ganda lake, babu. Nene sana."

Babu alimtazama kidogo, akaitikia kwa kichwa. Alimwamini. Akalisukuma boga mtutuni kwa mti mrefu. Liliingia kwa shida. Kompresa ya kuujaza mzinga hewa ikanguruma, watazamaji wakarudi nyuma ya kamba, babu akavuta kamba ya vali.

Mzinga haukulia. Ulitoa mguno mzito, kama ng'ombe mgonjwa, kisha kimya.

Babu alifunga vali na kuzima kompresa. Akasubiri. Halafu akacheka. "Limepasukia tumboni! Hewa imeshatoka yote. Ngoja niusafishe."

Akauinamisha mtutu hadi ukalingana na kifua chake, akachukua brashi yenye mpini mrefu, akaanza kuzunguka kuelekea mdomoni.

Maribeth aliukodolea macho mtutu. Boga gumu kama lile lingepasukaje? Limekwama zima, na hewa yote imejibana nyuma yake. Jua lilikuwa limeanza kuuchoma mtutu. Akaona tone la maji likidondoka kutoka mdomoni mwa mzinga, kisha la pili. Barafu ilikuwa ikiyeyuka, na boga lingeachia wakati wowote.

Wade naye aliliona. "Nyamaza," alinong'ona, akimminya mkono. "Ukisema tumekwisha. Labda halitatoka."

Maribeth aliwatazama watu nyuma ya kamba. Bwana Pusey alikuwa ameinua simu yake, tayari kupiga picha. Alikumbuka kicheko cha Jumamosi iliyopita. Babu alifika mdomoni mwa mzinga, akainama kuchungulia.

"Babu, toka hapo!" Maribeth alipiga kelele. "Halijapasuka! Nililigandisha! Toka!"

Mzee hakuuliza swali. Alijitupa kando, akaanguka matopeni.

Mlio ulitikisa shamba zima. Kitu cheupe kilipita pale kilipokuwa kichwa chake, kikakata brashi vipande viwili, kikalipiga tela bovu la nafaka lililosimama mbali shambani. Bati lake likatoboka.

Hakuna aliyecheka. Maribeth alianza kukimbia kumfuata babu.

"Simama!" babu alifoka akiwa bado chini. "Usipite mbele ya mdomo!"

Aliinuka polepole, bila kofia, tope hadi masikioni. Akaenda nyuma ya mzinga, akafungua koki zote, na hewa iliyobaki ikatoka ikivuma hadi ikaisha. Ndipo alipomjia mjukuu wake.

"Nilikudanganya," Maribeth alisema akilia. "Niliogopa kuchekwa tena."

"Mimi ndiye niliyemshauri, babu," Wade alisema, macho chini. "Na nilimwambia anyamaze."

Babu aliwatangazia watu kwamba mzinga wake hautarusha tena mwaka huo. Kisha akawashika wajukuu wake mikono, akawapeleka hadi kwenye lile tela la nafaka. Tundu lilikuwa kubwa kuliko kichwa cha mtu. Wade aliligusa ukingo, akaurudisha mkono upesi kama aliyeungua.

"Kuanzia kesho mtaliziba tundu hili, wote wawili," babu alisema. "Na mwakani mtajifunza kuchagua maboga upya, kuanzia mwanzo."

Akajifuta tope shavuni kwa kiganja.

"Kuchekwa hakuui, Maribeth. Wakikucheka asubuhi, jioni wamesahau, wamekaa mezani wanakula. Lakini ukificha hatari, anayeipata ni yule aliyekuamini, kwa sababu yeye ndiye asiyejilinda. Leo ulichelewa kusema, ila ulisema, mbele ya watu wote, na ndiyo maana nasimama hapa. Siku nyingine usingoje mpaka uone kichwa changu mdomoni mwa mzinga. Sema mapema, hofu ikiwa bado ndogo."