Rezista Iliyong'oka

Kila siku binti yangu akirudi shule huvua sare, huosha vyombo, kisha huenda chumba cha nyuma kumsaidia baba yake, ambaye ni fundi redio. Tulimpa jina la Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika.

Wakati huo baba yake alikuwa anaunda amplifaya ya valvu, zile taa za kioo za zamani zinazokuza sauti. Kabla ya kuchomeka valvu kubwa, huiwasha mashine bila hizo valvu, akazungusha skrubu ndogo kwa bisibisi mpaka umeme wa kila tundu ufike kiasi chake. Akikosea, valvu huwa nyekundu kama kaa la moto na kuungua. Macho yake hayaoni vizuri tarakimu ndogo, kwa hiyo Chiriku ndiye aliyesoma mita ya kupimia umeme.

"Arobaini na tatu, baba. Arobaini na mbili. Hapo hapo! Aa, umepita tena. Unazungusha kama unafungua bomba la maji."

"Soma mita, mwanangu, usinisome mimi."

Akitaka kugusa nyaya za ndani, baba yake huchomoa plagi, halafu hunywa chai. Si uvivu. Ndani mna kapasita, vikopo vinavyobaki na umeme hata plagi ikitoka. Rezista moja, kijiti kidogo chenye michirizi ya rangi, huumaliza umeme huo polepole. Kikombe kikiisha, na umeme umekwisha.

Siku hiyo baba alitoka kwenda kununua risasi ya kuchomelea. Chiriku hakuwa na ruhusa ya kugusa mashine peke yake, lakini aliiwasha. Alitaka baba akirudi akute kazi imekwisha. Skrubu moja ilipozungushwa, mita haikubadilika. Akachomoa plagi, akavuta waya mmoja aone kama umelegea, na mguu wa ile rezista ukang'oka. Akaendelea kupapasa kwa mikono miwili.

Mimi nikiwa jikoni nilisikia kishindo. Nikamwita.

"Ni kiti, mama," akajibu. "Kimeanguka."

Alipokuja jikoni nilimpa kikombe cha maji, kikamponyoka.

"Mkono una nini?"

"Niliulalia."

"Umelala saa ngapi wewe?"

Akatazama ukuta. Uso wake haukuwa na hofu wala aibu. Haukuwa na kitu.

Baba aliporudi, akaiwasha mashine. Chiriku akasoma tarakimu kwa sauti ndogo, bila utani.

"Leo Chiriku betri imeisha?" baba akamchokoza. Chiriku hakucheka.

"Skrubu hii haisikii," baba akasema. Akachomoa plagi. "Mama, naomba chai."

Nikampelekea. Chiriku akakikodolea macho kile kikombe. Baba akanywa nusu, akasifu sukari, akamalizia. Akakunja mkono wa shati, akapeleka vidole ndani ya mashine.

"Usiguse, baba."

Alisema polepole, kama anasoma mita.

"Kwa nini?"

"Chai haisaidii leo. Rezista imeng'oka. Umeme ulinipiga mchana. Mkono wangu siusikii."

Baba akaurudisha mkono. Alichukua mita, akapima kapasita. Volti mia tatu na kitu. Alitafuta rezista nyingine, akaishika kwa koleo lenye mpini wa plastiki, akaumaliza ule umeme. Mimi nilisimama mlangoni. Sufuria iliungua jikoni, nikaisikia harufu, miguu haikwenda. Hata machozi hayakuja.

Tulimpeleka zahanati, daktari akampima moyo, kisha akamminya vidole.

"Hapa unasikia?"

"Kidogo."

"Na hapa?"

"Hapana."

Akasema alale pale aangaliwe. "Mama, mtu akipigwa na umeme mleteni saa ile ile, hata kama anatembea na kucheka. Moyo unaweza kuharibika mtu akiwa amesimama."

Ninyi watoto mnaosoma haya, yashikeni maneno ya daktari.

Asubuhi vidole vilianza kusikia, kasoro kile kidogo. Chiriku akamtazama baba yake.

"Utanichapa?"

"Umeme umeshakuchapa, mimi niongeze nini?" Baba akavuta kiti karibu na kitanda. "Ulikosea kugusa bila ruhusa. Mimi nilikosea kuamini chai, na sasa nitapima kila mara. Lakini lililotaka kutuua sote ni kunyamaza. Mwanangu, ukiharibu kitu, sema hapo hapo, hata kama sauti inatetemeka. Kilichong'oka nikiambiwa, nakichomelea. Nisipoambiwa, nakishika."