Kitufe cha Hodi

Kila Jumamosi, chuo cha Kurani kikimalizika, mimi na kaka yangu Osama humpelekea baba chai dukani kwake, hapa Bagamoyo mjini. Baba huuza na kutengeneza simu na mashine za michezo.

Jumamosi ile alituonyesha mashine moja iliyotumika, akasema tutakaa nayo nyumbani likizo nzima, pamoja na mchezo mmoja tu. Tujaribu miwili iliyopo, tukubaliane kabla ya Alasiri. Tusipokubaliana, mashine ataiuza kwa mteja aliyekwisha kuiulizia.

Yote miwili ilikuwa michezo ya kuvaa uhusika: unakuwa mtu fulani katika hadithi, unasafiri, unakutana na watu. Osama alishika boksi lenye picha ya upanga na hakutaka kuliachia. Rafiki yake Kombo, aliyetufuata kutoka chuoni, alimuunga mkono kabla hajaulizwa.

Nikaanza mimi, na huo mchezo wa upanga. Shujaa wangu alifika kijijini kumtafutia mfalme dawa. Osama akaniambia niingie nyumba ya kwanza. Nikasimama mlangoni. Nikabonyeza kitufe kimoja, nikabonyeza kingine. Shujaa akaruka, akainama, akachomoa upanga.

"Unatafuta nini, Salme?"

"Kitufe cha hodi."

Kombo alicheka mpaka akakaa sakafuni. Osama akaninyang'anya pedi ya kuchezea, akamwingiza shujaa ndani bila salamu. Humo mlikuwa na bibi kizee anakoroga uji. Shujaa akavunja mtungi wake, akachukua dawa iliyokuwamo, akatoka. Bibi akaendelea kukoroga.

Nilipigwa na butwaa. Bibi wa watu anaibiwa mbele ya macho yake, na mwizi ndiye shujaa? Kombo akanijibu kwamba bibi mwenyewe hayupo, ni picha tu. Nikamwambia mimi nipo.

Mchezo wa pili ulikwenda taratibu. Ukibisha hodi, wenyeji waliitikia, wakakupa habari, wakakutuma. Sikutaka kuuacha. Osama alipiga miayo kwa makusudi, akasema huo ni mchezo wa kusubiria maharage yaive.

Baba alipomaliza na wateja wake, Osama akawahi kusema tumekubaliana, twachukua wa upanga.

Nilimtazama nisiamini. Kofia ya chuo bado iko kichwani, na uongo umetoka laini kama tambi za iftari.

"Hatujakubaliana, baba," nikasema. "Osama anasema uongo."

Kombo akaanza kutazama vidole vyake vya miguu. Osama akajitetea kwa sauti ndogo kwamba mtu anayetafuta kitufe cha hodi atamchelewesha likizo nzima.

Baba hakucheka. Aliuwasha tena mchezo wa pili, akatuuliza kama tulitazama wahusika wake. Hatukutazama, mimi nilibonyeza sura ya kwanza niliyoiona. Akatufungulia: kuna mganga, kuna mfanyabiashara, kuna mlinzi mwenye upanga. Na wachezaji wawili waweza kusafiri pamoja.

"Mmechagua kwa picha ya boksi," alisema. "Kabla hujauliza mchezo upi ni mzuri, jiulize wewe hupenda kucheza vipi. Kuna apendaye kupigana, kuna apendaye kuzungumza na watu. Na mwenzako muulize, usimsemee. Osama, ungemuuliza dada yako, ungekuwa na haja gani ya kusema uongo?"

Osama aliliweka chini boksi la upanga. Akaniomba radhi, tukakubaliana kuchukua mchezo wa pili, baba akatupa mashine.

Nyumbani, Kombo akitutazama, Osama akawa mlinzi, mimi mganga. Kijiji cha kwanza tu, akavunja mtungi wa watu. Vigae havijatulia chini, milango yote ikafungwa. Osama alibaki mdomo wazi. Akazunguka nyumba hadi nyumba, hakuna aliyemfungulia, na safari hii Kombo alimcheka yeye. Mimi nikabisha hodi, nikangoja. Mlango ukafunguliwa, nikamwombea na yeye aingie.

Kombo alipokwenda zake, Osama aliweka pedi chini. Akasema yeye ameshaniomba radhi, sasa ni zamu yangu, maana nimemwita mwongo mbele ya rafiki yake.

"Siombi."

"Hata kidogo?"

"Nilisema kweli, na nilibisha hodi. Siombi radhi."