Mwano wa Hati Safi

RAV4 nyeupe iliiacha lami na kushika barabara ya vumbi iendayo Mwakitolyo. Dereva wake alikuwa na haraka.

Scolastika Makoye alikuwa na haraka zaidi.

Aliinamia usukani wa Honda XR yake, akafungua mafuta. Ujumbe ulikuwa umemkuta kwenye uwanja wa ndege wa Ibadakuli, mbele ya kikombe cha chai, akiichunguza ndege ndogo iliyotua asubuhi bila mzigo.

"Mchele una mawe. Mlete mpishi."

Kwa lugha ya Idara ya Usalama, mchele ni dhahabu na mawe ni dhahabu bandia. Mpishi, safari hii, alikuwa mkaguzi wa hesabu aitwaye Donatus.

Aliipita RAV4 kwa kulia, akaikatia njia na kuruka chini, Glock mkononi.

"Shuka! Mikono juu!"

Akashuka bwana wa makamo mwenye miwani, shati limelowa jasho mgongoni.

"Dada yangu, chukua gari. Chukua simu. Niachie roho yangu tu."

"Mimi si jambazi. Mimi ni serikali."

Donatus akaogopa zaidi.

Pingu zililia. Scolastika akapiga simu kwa mkuu wake, Cornel, akajitaja kwa jina lake la siri.

"Tandala hapa. Mpishi ninaye."

"Mbane," alisema Cornel. "Jana mnunuzi alifungua kopo la ushirika wa Tumaini. Shaba tupu, imepakwa dhahabu juu. Na huyo bwana aliwapa hati safi mwaka huu huu. Amekula huyo."

Ushirika wa Tumaini ulikuwa wa wachimbaji wadogo. Kila aliyetoka na chochote kwenye duara, yaani shimo lake, alikipeleka ghalani, kikayeyushwa, kikafungiwa kopo kwa lakiri na kungoja soko. Ndani ya makopo yale kulikuwa na jasho la watu wengi, na wenyewe walikuwa wameanza kuokota mawe ya kurusha.

"Uliwapa hati safi?" Scolastika aliuliza.

"Niliwapa."

"Na dhahabu ni shaba."

"Makopo niliyofungua mimi hayakuwa shaba."

"Ulifungua yote?"

Donatus alivuta pumzi. "Hakuna mkaguzi anayefungua yote. Ukipika mchuzi unaonja kijiko, au unakunywa sufuria nzima?"

"Mchuzi umechanganyika, mzee. Kopo limekaa peke yake."

"Umesema kweli," alisema Donatus. "Hapo ndipo kazi yetu inapopwaya, na hapo ndipo watu hawataki kusikia. Hati safi inasema kwamba kwa niliyoyaona, hesabu zao zilionyesha hali ilivyokuwa siku ile. Haisemi hakuna mwizi. Haisemi mwizi hatakuja kesho."

"Sasa wewe ni mpelelezi gani wa hesabu?"

"Mpelelezi ni wewe, dada. Mimi ni mkaguzi."

Jibu lile lilimkera, maana hata yeye, pamoja na mafunzo yake yote, alikuwa ameamini kama wengine. Nchi hii ukitamka hati safi, mtu anasikia kwamba hakuna aliyeiba. Watu wanapiga vigelegele na kuchinja mbuzi, na mwizi anachangia mchele.

"Ulikuwa unakimbilia wapi?"

"Sikimbii. Mwenyekiti wao, Onesmo, amenipigia. Anasema njoo upesi, wanachama wanataka maelezo. Nikijificha watasema nimekula."

Mtu aliyekula haendi mwenyewe kwa waliolizwa. Scolastika akaishusha bastola.

"Ghala linalindwa na nani?"

"Sungusungu. Wanampekua kila anayetoka getini, hata mwenyekiti. Mimi walinivua viatu."

"Basi dhahabu haijatoka," alisema Scolastika. "Imebadilishwa humo humo ndani, ya kweli imefichwa. Inangoja geti libaki bila watu."

"Sungusungu hawaachi geti. Nililiandika hilo kwenye taarifa yangu."

Scolastika alizaliwa Usukumani. Alijua kitu kimoja kinachoweza kumtoa sungusungu getini, nacho si rushwa wala mvua.

Mwano.

Hilo ndilo yowe la Wasukuma. Likipigwa, aliye shambani anatupa jembe na aliye mezani anaacha ugali. Wote wanakimbilia sauti ilikotoka, na asiyekwenda anatozwa faini na kutengwa. Hakuna anayesimama kuuliza kuna nini. Hiyo ndiyo nguvu ya mwano, na leo kuna mtu alitaka kuitumia vibaya.

"Mwano upigwe kwa ajili ya nani?" Donatus aliuliza.

"Kwa ajili ya mwizi aliyetoa hati safi," alisema Scolastika.

Simu ikatetemeka. Scolastika akapokea na kumweleza Cornel habari za mwano.

"Tandala, ile ndege imeomba kuruka jioni hii," alisema Cornel. "Kuna mgeni anasubiri mzigo. Mwache mkaguzi aende mkutanoni. Onesmo akipiga mwano, dhahabu itatoka. Ifuate mpaka kwa mwenyewe."

"Na mkaguzi?"

"Dhahabu, Tandala."

Ikakatika.

Scolastika aliona aibu, na hakuificha. Alimfungua Donatus pingu, akamweleza kila kitu.

"Unaweza kugeuza gari sasa hivi," alimalizia.

"Nikigeuza?"

"Onesmo atakuwa amepata mwizi wake. Watakufuata hadi kwako."

Donatus alifuta miwani kwa ncha ya shati. "Mke wangu Rebeka yuko Ushirombo. Mwambie..."

"Utamwambia mwenyewe." Alimbandika kinasa sauti chini ya ukosi, kidogo mfano wa kifungo. "Nitasikia kila neno."

"Kusikia si kuzuia, dada," alisema Donatus, akaingia garini.

Mwakitolyo ilikuwa kimya.

Scolastika hakuupenda ukimya ule. Karasha, zile mashine za kusaga mawe, hazizimwi mchana labda kuwe na msiba. Leo zilikuwa zimezimwa zote. Wingu jeusi lilikuwa limelala juu ya mashimo na hewa haikutembea.

Alijilaza juu ya kifusi mkabala na geti la ushirika, darubini ya Steiner machoni, spika ndogo sikioni. Walinzi wa sungusungu walikuwa wameegemea geti na fimbo zao. Ndani, nyuma ya ghala, Land Cruiser ilikuwa inanguruma taratibu. Mkutano ulikuwa ng'ambo ya mwalo, pale wanapooshea mchanga wa dhahabu.

Sikioni alimsikia Donatus akisalimia.

"Shikamooni, wazee."

Hakuna aliyeitika marahaba. Usukumani, salamu isiyoitikiwa ni hukumu.

"Ulitupa hati safi!" mtu alifoka.

"Niliwapa. Naomba niwaeleze maana yake..."

"Maana yake tunaijua!"

Sauti ya mwanamke mzito wa maneno ikapenya. "Mimi Mama Boaz nilikuuliza kwa mdomo wangu. Mkaguzi, mali yetu iko salama? Ukanijibuje?"

Donatus hakukwepa.

"Nilikujibu, mmepata hati safi, mama."

"Si ndiyo hiyo!"

"Ulifurahi sana. Nikashindwa kukwambia kwamba swali lako na jibu langu ni vitu viwili."

Scolastika alifumba macho. Mtu mwingine angedanganya pale.

"Mmesikia?" Sauti nene, ya mtu aliyeshiba: Onesmo. "Amekiri mwenyewe! Ng'wibi! Mwizi!"

Kisha mwano ukapigwa.

Ulipanda kutoka mwaloni, mrefu, wa kooni. Nywele zilimsimama Scolastika hata kabla hajafikiri. Getini, walinzi waliruka na kukimbia kuelekea sauti. Hakuna aliyegeuka nyuma.

Geti likabaki wazi.

Land Cruiser ikatoka. Kwenye usukani alikuwa Fredy, mtunza ghala, na nyuma madumu ya dizeli yamefungwa kwa kamba.

"Mzigo umetoka?" Cornel aliuliza kwenye redio, sikio la kwanza.

"Umetoka."

"Usiuguse. Ufuate hadi uwanjani. Namtaka mgeni."

Sikio la pili lilikuwa limejaa mkaguzi. Fimbo. Kilio. Fimbo tena.

"Jamani... miwani... Dada! Dada!"

Uwanja wa ndege ulikuwa mbali. Donatus angekuwa amekufa hata kabla gari halijafika lami.

"Tandala, thibitisha."

"Mkuu, sikupati vizuri."

Akazima redio.

Akafyatua mara moja. Tairi la mbele likapasuka, Land Cruiser ikayumba na kujigonga kwenye karasha iliyozimwa. Fredy alitoka na bastola. Scolastika alikuwa ameshaiparamia Honda, nayo ikamfikia kabla hajainua mkono. Buti la Scolastika likampata kwenye kiwiko, bastola ikaruka, naye akaanguka akiugulia maumivu.

Lakini ng'ambo ya mwalo hakuna aliyesikia risasi. Watu wenye hasira hawasikii kitu. Hawasikii polisi wala padri.

Wanasikia kitu kimoja tu.

Scolastika akapanda juu ya boneti. Hakuwa amepiga mwano tangu alipokuwa msichana, siku ng'ombe wa baba yake walipoibwa. Aliweka viganja mdomoni na kuutoa kutoka tumboni.

Mara ya kwanza sauti ilikwaruza.

Mara ya pili ilipanda hadi kwenye wingu.

Sikioni, fimbo zikanyamaza. "Mwano! Getini! Getini!" Ardhi ikaanza kutetemeka kwa miguu. Wakatokea, kundi zima na fimbo zao. Hata Onesmo alikuwamo, maana mwenyekiti asiyeitikia mwano anajitangaza mwizi.

"Wewe nani?" Kamanda wa sungusungu, Mzee Mageni, alimuuliza akihema.

"Shikamoo, baba. Mimi mtoto wa Makoye. Gari hili limetoka mkiwa hampo. Lipekueni mnavyowapekua wengine."

"Marahaba." Mzee akawaashiria vijana kwa kichwa waanze.

Dumu la kwanza lilimwaga dizeli. Kisha kikaanguka kitu kizito, cha njano, kikalala kwenye vumbi lililolowa. Kikafuata kingine.

Mama Boaz alikaa chini, mikono kichwani.

Onesmo alianza kurudi nyuma polepole. Scolastika aliruka kutoka kwenye boneti, akamkamata ukosi na kumwekea mdomo wa Glock shingoni.

"Mlete hapa, dada!" mtu alipaza. "Tummalize!"

"Huyu ni wa mahakama," alisema Scolastika. "Anayemtaka ataanza na mimi."

Walimtaka sana. Aliliona hilo machoni mwao. Mzee Mageni ndiye aliyeinua mkono, na fimbo zikashuka kwa shingo upande.

Polisi walipowachukua Onesmo na Fredy, Cornel alipatikana tena.

"Rubani tunaye," alisema kwa baridi. "Mgeni wake hakutokea. Sasa hatutamjua kamwe."

"Mkaguzi yuko hai, mkuu."

"Sikukutuma mkaguzi."

Scolastika akakata simu yeye.

Akamwendea Donatus mwaloni, akitarajia kumkuta amelala peke yake. Hakumkuta peke yake. Watu walewale walikuwa wamemwinua mabegani. Jicho lake moja lilikuwa limefunga na mkono wa kushoto ulining'inia. Mama Boaz alikuwa anampangusa damu kwa kanga yake, huku analia.

"Tusamehe, baba. Tulikuwa hatujui. Kumbe ulikuwa unawatega!"

"Mkaguzi! Mkaguzi!" watu waliimba.

"Mama, mimi sikumtega mtu..."

"Mnamwona asivyojisifu? Jamani, mwaka kesho atukague nani tena?"

"Huyohuyo!" Mikono ikapanda yote.

Scolastika alipanda juu ya jiwe. "Sikilizeni! Mkaguzi hakumkamata mtu! Kazi yake si kukamata wezi!"

Wakampigia makofi yeye pia.

Walipomweka chini kungoja gari la hospitali, Donatus alimwita kwa kichwa. Midomo yake ilikuwa imevimba.

"Wamenipitisha," alinong'ona. "Sasa wanaamini nina macho ya kuona kila kopo."

"Kataa."

"Nikikataa watauliza naficha nini." Alimeza damu. "Huko nyuma walidhani nitamzuia mwizi. Sasa wana uhakika. Siku likipotea kopo moja tu, dada..."

Hakumaliza. Matone ya kwanza ya mvua yalianza kuanguka.

"Siku hiyo utakuwepo?" Donatus aliuliza.

Nyuma yao nyimbo zilizidi kupanda, na jina la mkaguzi lilikuwa ndani ya kila ubeti. Scolastika alivaa kofia ngumu, akafunga mkanda wake kidevuni, akaiwasha Honda. Aliondoka bila kujibu, kwa sababu hakutaka kumdanganya.