Nyuzi Tisa

Jioni hiyo wakala wa tiketi alishateremsha shata la mlango wa ofisi nusu, aende zake kumsaidia binti yake kufunga mabegi. Wateja walimwita Njia Fupi, na wala hawakumsingizia. Safari yoyote mdomoni mwake ilikuwa fupi: alitaja saa za angani tu, zile za kusubiri katikati ya njia akazimeza, maana ukimtajia mteja saa kumi na tano anahamia ofisi ya jirani.

Bibi mmoja akainama chini ya shata, akaingia na kikapu. Kilinuka udongo mbichi, kama wa kaburi la leo.

Akataja mji anaokwenda. Bahati iliyoje, akawaza Njia Fupi. Ndiko alikokuwa anakwenda bintiye kesho, masomoni. Mtoto wa pekee, hajawahi kupanda ndege. Akampa bibi kiti cha ubavuni mwake, mtoto apate wa kumshika mkono ndege ikiruka.

"Ni saa ngapi hadi kufika?" bibi akauliza.

"Tisa tu, bibi."

Akauliza tena. Tisa. Akauliza mara ya tatu, kwa kunong'ona, akimkazia macho, na huyu bwana, ambaye ulimi wake haukuwa na breki, akajibu tisa.

Bibi akatoa sindano, akaushona mdomo wa kikapu palepale kaunta. Nyuzi tisa.

"Ndege ikiruka, kila saa hukatika mmoja," akasema. "Mwenzangu huyu akiamka kabla hatujafika, huamka na njaa."

Kikapu kikavimba... kikanywea.

Kilikuwa kinapumua.

Wazee na vituko vyao, akajisemea Njia Fupi, akafunga ofisi.

Kesho yake ndege iliruka saa tatu asubuhi. Saa saba wakatua katikati ya njia, wakae ukumbini saa sita wakisubiri nyingine. Saa kumi binti akatuma picha: yeye na bibi wanacheka, kikapu mapajani mwa binti. Njia Fupi, akiwa kaunta, akaikuza.

Zimebaki nyuzi mbili.

Akapiga simu, haikupita. Akapiga na kupiga, hadi saa kumi na mbili kasoro dakika moja, ikaita.

"Baba," binti akanong'ona, "bibi kaenda msalani. Kuna mtu ananiita humu kikapuni... Sauti ni yako."

"Kiache, mwanangu. Kimbia."

"Sasa mbona unalia humu ndani? Ngoja nikufungulie."

Uzi ukakatika. Aliusikia.

Kisha kutafuna. Taratibu, kama mtu asiye na haraka.

Simu ikaokotwa. "Mwanangu, nilikuuliza mara tatu," bibi akasema kwa upole. "Huyu bado hajashiba. Kutoka hapa hadi kwako ni saa ngapi?"

Njia Fupi hakuwahi kuirefusha safari maishani mwake. Siku hiyo aliirefusha.

"Siku mbili, bibi."

"Umeanza tena," akajibiwa, na safari hii sauti haikutoka kwenye simu.

Nyuma yake, shata likateremshwa hadi chini.